Laptopu za gemu za RTX 4050 hapa Dodoma: kabla hujairudisha dukani, angalia soketi

Ukitaka laptopu ya gemu bila kuuza shamba la zabibu, mara nyingi utaangukia hapa: kioo cha inchi 15.6 cha Hz 144 (kinabadilisha picha mara 144 kwa sekunde), prosesa ya Core i5 ya kundi la H, lenye nguvu, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya RTX 4050 yenye kumbukumbu yake ya GB 6. Ni mashine nzuri. Gemu za mpira na mbio za magari inazicheza kwa 1080p bila kusuasua. Zile kubwa za miaka hii zishushie tekscha (ubora wa sura za vitu ndani ya gemu) mpaka kati, maana GB 6 zinajaa upesi. Kinachoiharibia jina ni kero za wiki ya kwanza, na nyingi kati yake zinaisha bila kufungua hata skrubu moja.

Inayotisha watu ni hii: unapitisha kiganja kwenye mfuniko wa chuma unahisi kitu kinakutekenya, na ukigusa tachipadi mshale unarukaruka. Chomoa chaja, yote mawili yanakoma. Hapo mara nyingi mashine haina shoti. Ndani ya chaja kuna vichujio vinavyovujisha umeme kidogo sana kwenda ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini), na ndiyo maana plagi yake ina pini tatu. Ethi isipokuwepo, umeme huo unaishia kwenye mfuniko wa chuma wa laptopu na kupita kwako. Kuna vyumba vya kupanga vyenye soketi ya matundu matatu ambayo waya wa ethi haujafungwa popote, na kuna ekstensheni za bei ya chini ambazo tundu la tatu ni pambo tu. Jaribu nyumba nyingine, moja kwa moja ukutani, bila adapta ya pini mbili. Mtekenyo ukikoma, wa kuitwa ni fundi umeme. Ukiendelea hata penye ethi ya uhakika, chaja ibadilishwe.

Kero ya pili: betri inashuka wakati chaja imechomekwa na gemu inaendelea. Geuza chaja usome kibandiko, kisha zidisha volti kwa ampea. 20V mara 8.5A ni wati 170, inatosha. Ukikuta 20V na 3.25A, hizo ni wati 65, chaja ya laptopu ya ofisini. Huenda mtu kaibadilisha njiani. Chaja ya Type-C ya wati 100 nayo itajaza betri ukiwa unaandika ripoti, lakini gemu ikianza asilimia zinateremka. Kucheza kwa betri peke yake, bila chaja, kutapunguza kasi hata mashine ikiwa nzima kabisa. Kadi inabanwa makusudi ili betri isizidiwe.

Kioo kuonekana kizito, picha zikikokota, ni jambo la dakika moja. Windows huweza kukiacha kwenye Hz 60. Ingia mipangilio ya kioo, fungua Advanced display, chagua 144. Basi.

Kwenye RAM ndipo tunapowalaumu watengenezaji. Wanaweka kipande kimoja cha GB 8 na kuacha nafasi ya pili wazi, hivyo data inapita njia moja badala ya mbili, na gemu inagugumia kila ukigeuka haraka. Fungua Task Manager, upande wa Memory. Ikiandika 1 of 2, umepata jibu. Ongeza GB 8 nyingine ya aina ileile. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, haziingiliani, mkato wake uko sehemu tofauti, kwa hiyo ikigoma kuingia usiisukume. Chomoa kiunganishi cha betri kwanza ndipo uguse chochote. Ukiwasha mara ya kwanza na DDR5 mpya, kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa huku feni zikizunguka, kwa sababu mashine inaipima RAM. Wengi huzima hapohapo wakidhani wameiua. Iache.

Joto nalo lina hesabu yake. Prosesa hizi kikomo chake ni nyuzi 100, kwa hiyo 90 au 95 katikati ya gemu si ugonjwa. Ugonjwa ni kufika huko ukiwa unasoma PDF. Vifuniko viwili vya chupa ya maji chini ya kona za nyuma vinasaidia, kitanda kinaziba matundu. Kwa vumbi letu jekundu la kiangazi, pulizia matundu kila baada ya miezi mitatu. Ukifungua mfuniko wa chini, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno kabla hujapuliza, kwani feni ikizungushwa kwa upepo mkali bearingi zinaumia.

Sauti nyembamba kama ya mbu kwenye menyu ya gemu inatoka kwenye koili (waya zilizoviringwa) za ubao wa ndani, pale picha zinapokimbia mamia kwa sekunde. Kwenye mipangilio ya gemu weka kikomo cha picha 144 au 120 kwa sekunde, itapungua.

Ya kurudisha bila mjadala ni haya: feni inayokwaruza hata ikizunguka polepole, bawaba inayolia au kuinua fremu ya kioo, nukta ya kioo isiyobadilika rangi, na herufi inayobonyezeka mara mbili kwa mguso mmoja. Yajaribu palepale dukani: fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, na uandike mistari miwili mitatu. Mzigo mwingi unapanda basi kutoka Kariakoo, hivyo uliza mapema waranti inashughulikiwa hapahapa Dodoma au laptopu itabidi irudi Dar, nauli ya kifurushi analipa nani, na stika iliyo juu ya skrubu ikichanika kwa kuongeza RAM waranti inabaki au la. Jibu liandikwe kwenye risiti.