Glanza yangu na thamostati iliyotupwa

Naanza na kilichoniuma, maana nikianza na mazuri ya gari hili hasira itapoa kabla sijaisema yote.

Fundi alitoa thamostati, ile vali inayoongoza joto la injini, kwenye gari langu la Glanza bila kuniambia. Nilikuja kulijua hilo kwa sababu ya mlima Kitonga. Mvuke ulikuwa unafoka chini ya boneti, malori ya Tunduma yananipita kwa gia namba moja, na dada yangu amekaa juu ya jiwe akiwa na khanga ya msiba mabegani. Tulikuwa tunakwenda kumzika baba mdogo Iringa. Maziko yalipangwa saa nane. Dada alisimamisha basi akatangulia. Mimi nilibaki na gari.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet Glanza V, toleo la EP91 lenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili ipate nguvu) lililotoka kati ya 1996 na 1999. Sitaandika vipimo vyake, vinapatikana kokote. Ila kwa anayetaka kununua nasema jambo moja: usinunue stika. Dar kuna Starlet za kawaida zimebandikwa maandishi ya Glanza V ubavuni na zinatajwa bei ya Glanza V. Kuna Glanza S pia, sura inafanana sana ila haina tabo. Fungua boneti usome injini. Ikiandikwa 4E-FTE, ndiyo ya tabo, endelea kuongea na muuzaji. Ikiwa 4E-FE, isiyo na tabo, hata kama ni gari safi, silo ulilolifuata, shukuru uende zako. Halafu tafuta kwenye dashibodi kitufe cha kupunguza msukumo wa tabo. Dalali mmoja aliniambia kitufe "kilitolewa kwa usalama". Niliondoka.

Langu nilimkuta nalo baba mmoja wa makamo aliyelitunza kama yai. Alilia kidogo nilipoondoka nalo, na wakati ule nilimshangaa. Sasa simshangai.

Gari halifiki tani moja. Ni kilo 900 na ushee, na injini ya cc 1300 tu yenye nguvu ya farasi 135. Ukikanyaga kuna kimya kifupi, kama mtu anavuta pumzi, kisha linaondoka. Halivutwi kwa nguvu ya mwili mkubwa kama magari ya V8. Linaondoka kwa sababu halina mzigo wa kubeba. Kona ya kuingia Mbweni alfajiri, kabla foleni haijaamka, gia ya tatu, usukani mwepesi unakuambia kila kokoto iliyo chini ya tairi. Nimeendesha magari mapya ya bei mara tano ya hili na hakuna lililowahi kunifanya nizunguke tena kwa makusudi ili nirudie kona moja. Mke wangu, ambaye kwake gari ni kiti na ubaridi, aliniomba funguo Jumapili moja akarudi baada ya saa mbili. Alikuwa amesema anakwenda dukani.

Basi. Miezi kadhaa baadaye mpira wa juu wa rejeta ukaanza kuvuja. Kazi ndogo. Nilipeleka gari gereji moja ambayo sitaitaja, karibu na ninapofanyia kazi, kwa sababu siku ile sikuwa na nafasi ya kwenda mbali. Nilinunua mpira mwenyewe, nikanunua na kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, lita nne, nikamkabidhi fundi mkononi. Nikamwambia, "Fundi, hili ni la tabo, naomba usiweke maji ya bomba."

Aliniangalia kuanzia viatuni. Akasema mbele ya vijana wake na wateja wengine, "Kijana, mimi nafungua Starlet wewe uko shule ya msingi. Starlet ni Starlet."

Nilinyamaza. Ni mtu mzima, na mimi nimelelewa kunyamaza mbele ya mtu mzima. Nililipa, nikachukua gari jioni.

Kuanzia siku ile mshale wa joto haukufika katikati tena. Ulikaa chini, hasa asubuhi. Mafuta yakawa yanaisha upesi. Nilifungua plagi nikakuta nyeusi kama mkaa. Nikarudi kwake nikamweleza taratibu. Akacheka: "Mshale ukikaa chini ndiyo raha ya gari. Wewe unataka upande?" Watu wakacheka naye. Mmoja wao alikuwa ananijua kazini.

Ninachotaka kila mwenye gari la zamani akielewe ni hiki. Thamostati si kizuizi walichoweka Wajapani kwa sababu kwao kuna theluji. Ni vali yenye nta ndani yake. Maji yakiwa ya baridi imefunga, yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Yakikaribia nyuzi 82 hivi nta inayeyuka, vali inafunguka, maji yanapita kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inakaa baridi mjini, kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Ndiyo maana ya zile plagi nyeusi. Na nyingi zina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato pale vali inapofunguka. Thamostati isipokuwepo, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Kwenye tambarare hutajua. Mlimani utajua.

Nami nilijua. Tulitoka Dar saa tisa usiku. Morogoro sawa, Mikumi sawa, tena hifadhini nilikwenda polepole sana. Ruaha Mbuyuni dada alinunua vitunguu vya kupeleka msibani. Kisha Kitonga. Unapanda nyuma ya lori, hakuna upepo, huwezi kulipita, tabo inafanya kazi kubwa. Mshale uliokuwa umelala miezi mitatu ukaamka. Kabla sijapata pa kuegesha ulikuwa umefika juu. Nilizima. Nilikuwa nimechelewa.

Utingo wa Fuso lililokuwa linakwenda Ilula kupakia nyanya ndiye aliyenisaidia, kijana mdogo, mpole. Alisubiri rejeta ipoe, hakukubali niifungue upesi. Ilipofunguliwa hayakutoka maji ya kijani ya kulanti. Yalitoka maji ya kutu, mekundu kama ya bwawa. Lita zangu nne za kulanti zilikwenda gari la nani sijui. Kijiti cha oili nilipokichomoa, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Wenye magari wanajua maana yake: maji yamechanganyika na oili. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekwenda.

Walinivuta kwa kamba mpaka Ilula. Nilifika msibani saa kumi na moja. Udongo ulikuwa umeshafukiwa na mashada yamewekwa. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye pikapu yake, nikiwa na miaka kumi na minne.

Sasa nitamsema fundi mwingine, wa Iringa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye hakunicheka. Alilizunguka gari, akasoma injini, akasema, "Aa, hii ni ya tabo," kwa sauti ya mtu aliyekutana na jamaa yake. Alipofungua mfuniko wa thamostati akaniita nione. Tupu. Akauliza, "Nani alikufanyia hivi, mwanangu?" Neno lile "mwanangu" lilinishika koo.

Hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, kwa hiyo zikipata moto kupita kiasi hedi ndiyo inayopinda. Yangu ilipinda kidogo, ikasawazishwa kwa mashine. Gasketi ilitoka Gerezani, Dar, ikaletwa kwa basi. Thamostati mpya aliifunga uzi akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, tukaisubiri wote wawili. Ilifunguka. "Hii nzima," akasema. Ndipo akaifunga.

Na hapa lazima niwe mkweli hata kama inaniuma. Thamostati ile ilikuwa ya Starlet ya kawaida, ya duka la pale Iringa mjini, ikaingia bila shida. Mpira wa rejeta, vichujio, bushi, vitu vingi unavipata kwa sababu mtaani Starlet zimejaa. Kwa hiyo yule wa Dar hakukosea kabisa aliposema Starlet ni Starlet. Alikosea kwa sababu hata Starlet ya kawaida haistahili alichokifanya.

Je, ununue? Siku ile ya Kitonga ningekujibu hapana, kanunue kitu chenye dhamana. Leo nasema nunua, ila tenga fedha nyingine karibu sawa na theluthi ya bei yake, badilisha taimingi belti, ule mkanda unaoendesha vali za injini, hata kama muuzaji anaapa, na mtafute fundi kabla hujalitafuta gari. Hapana, huo nao ni ushauri wa mtu aliyetulia, na sijatulia. Zaidi ya laki nane ziliondoka pale Iringa. Sikumzika baba mdogo. Gari la miaka zaidi ya 25 litakudai tu, na wanaolishika wengi hawaliheshimu. Kama huna moyo wa kusimama juu ya kichwa cha fundi mpaka afunge nati ya mwisho, usinunue.

Niliporudi Dar nilikwenda gereji ile. Sikupaza sauti. Nilimwambia nimekuja kuchukua thamostati yangu, ile uliyoitoa, hata kama ni mbovu ni mali yangu. Akajibu bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Ile nilitupa. Ilikuwa nzima, lakini nchi yetu ya joto, haina kazi."

Ilikuwa nzima. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake.

Wiki iliyopita amekuja kijana kuliulizia gari. Nilimtajia bei ya juu, makusudi, nikidhani ataondoka. Akakubali pale pale. Tukazunguka nalo mpaka Mbweni na kurudi, yeye akiendesha. Tulipofika nyumbani nikamwomba radhi, nikamwambia haliuzwi.