Racket na alama zake za kulinganisha: uzoefu wangu wa msimu mmoja wa kahawa, Moshi

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha kahawa upande wa Kibosho. Jioni nikisharudi nyumbani Majengo ndipo nakagua vitabu vya mapokezi. Msimu huu nimevikagua kwa Racket, lugha ya programu isiyolipiwa, mzao wa Scheme ya mwaka 1975, ambayo nayo ni tawi la Lisp ya John McCarthy, iliyoanzia MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1958. Nitazungumzia kulinganisha tu, maana ndiko kulikonifanya nisiiache.

Alama hukaa mbele, ndani ya mabano: (< 3 5), yaani 3 ni ndogo kuliko 5. Siku mbili tatu za mwanzo macho yanakataa. Baadaye unaona faida: ikiwa mbele, alama moja inabeba namba nyingi kadiri upendavyo. Unyevu wa kahawa ya maganda tunautaka kati ya asilimia 10 na 12, basi naandika (<= 10 unyevu 12), ambapo <= ni "ndogo kuliko au sawa na", kwisha. Kwenye Excel nilikuwa naandika masharti mawili kisha nayaunganisha kwa AND.

Utamu wenyewe uko kwenye stakabadhi. Namba zake lazima zipande, wala isijirudie hata moja. Naziweka zote kwenye orodha, naandika (apply < stakabadhi), apply ikiipa alama orodha nzima, na kitabu kizima kinakaguliwa kwa mstari mmoja. Kitabu kimoja kilinipa #f, yaani si kweli. Nikashuka nacho taratibu kwa kidole: 1041, 1042, 1042, 1043. Mzigo wa mkulima mmoja ulikuwa umeingizwa mara mbili. Nikajaribu <= badala ya <, jibu likageuka #t, yaani kweli, kwa sababu <= inaruhusu namba kufanana na iliyotangulia. Ningeanza na hiyo, mzigo huo ungelipwa mara mbili.

Kilichonisumbua ni usawa. Alama ya = ni ya namba peke yake; ukiipa maandishi, programu inasimama na kukuambia ilitarajia namba. Hilo nalipenda sana, heri isimame kuliko ibahatishe fedha za watu. Kwa vitu vingine kuna eq?, eqv? na equal?. Nilichukua eq? kwa kuwa ni fupi, nikatafuta namba za uanachama zilizojirudia kwenye faili. Haikuona hata moja. Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akaniuliza, "Mjomba, K-114 si hii hapa, na hii hapa? Mbona inasema hazifanani?"

Alikuwa sahihi. Magunia mawili ya kilo 50 yana uzito sawa, lakini si gunia lile lile. Swali la eq? ni kama ni gunia lile lile, yaani kitu kimoja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Swali la equal? ni kama kilichomo kinafanana. K-114 mbili zilizosomwa kutoka mistari miwili ya faili ni vitu viwili. Nilipobadilisha neno hilo moja, zilizojirudia zikajitokeza zote.

Desimali nazo zitazame vizuri: (= 0.3 (+ 0.1 0.2)) inatoa #f, kwa sababu kompyuta hukadiria desimali hizo. Ukiandika kwa sehemu, (= 3/10 (+ 1/10 2/10)), inatoa #t. Mimi sasa uzito nauhifadhi kwa gramu, namba kamili.

Alama ya "si sawa" haimo, unaandika (not (= a b)), na hapo ningependa wangetuongezea moja. Kwa majina ya vijiji kuna string-ci=?, inayochukulia "Kibosho" na "KIBOSHO" kuwa neno moja. Imeniokolea saa nyingi.

Karani mwenzangu ukitaka kujaribu, anza na = kwa namba na equal? kwa maandishi, eq? iache kwanza. Ukishapakua Racket pamoja na kihariri chake, DrRacket, huhitaji intaneti tena. Vitabu viwili vya mwisho nilivimaliza umeme umekatika, kwa chaji iliyobaki kwenye laptopu.