Kitanda cha mtoto mchanga: kipi kitangulie, kipi kiwe cha mwisho

Kitanda cha mtoto wetu wa kwanza kililetwa na fundi siku mbili kabla ya mama yake kujifungua, na nilipoushika ukingo wa juu, alama ya kidole changu ilibaki kwenye vanishi. Kufikia jioni harufu ya thina ilikuwa imeenea hadi sebuleni. Tulikitoa barazani kipigwe upepo, na mtoto akatimiza wiki sita kabla hajakilalia. Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri wa kitanda cha mtoto, simuulizi kwanza ni mbao gani, bali kimepakwa nini na kilipakwa lini.

Sababu iko wazi kwa yeyote aliyelea. Mtoto mchanga hulala sehemu kubwa ya siku, pua yake ikiwa karibu kabisa na mbao hizo, na anapoanza kuota meno hutafuna ukingo mpaka rangi inabanduka. Ikiwa rangi hiyo ina madini ya risasi, anayameza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na madhara yake kwa ubongo wa mtoto hayarekebishiki.

Chaguo la kwanza kwangu ni kitanda cha mbao ngumu zilizokauka vizuri, kilichopigwa msasa hadi kikawa laini na kuachwa bila rangi, au kikapakwa nta ya nyuki tu. Mninga na mkongo ni mbao nzuri sana, lakini bei yake ni kubwa. Mtiki wa kupandwa, kama ule wa Longuza kule Muheza, unatosha kabisa. Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam watakutengenezea kwa vipimo vyako, mradi uagize miezi miwili au mitatu mapema na uwaeleze bayana kwamba hutaki vanishi. Wengi watakushangaa, kwa kuwa mteja wa kawaida hutaka king'ae, lakini usikubali kushawishika. Papo hapo sisitiza kwamba nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, kwa maana nafasi kubwa zaidi huweza kupitisha kiwiliwili cha mtoto huku kichwa kikinasa.

La pili ni mbao za paina, zinazotoka kwa wingi Sao Hill, Mufindi. Ni nyepesi na nafuu. Hatari yake ni kwamba paina nyingi sokoni zimetiwa dawa kwa ajili ya kenchi, na dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo huchanganya shaba, kromu na aseniki. Mwombe fundi akate kipande mbele yako na utazame pale msumeno ulipopita: ukiona ukijani unaoanzia nje na kufifia kuelekea ndani, mbao hiyo ni ya paa, si ya mtoto. Mabaki ya kenchi yasitumike hata kwa miguu ya kitanda.

Kitanda cha mtumba nakiweka nafasi ya tatu, na najua wapo watakaokiweka juu zaidi. Faida yake ni ya kweli, kwani harufu ya gundi na vanishi imekwisha zamani. Hata hivyo, kilichopakwa rangi na kuonekana cha zamani kiache, na usijaribu kukipiga msasa mwenyewe, kwa sababu vumbi la rangi ya risasi ni baya kuliko rangi iliyotulia. Vilevile epuka chenye ubavu unaoteremshwa. Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto.

Cha chuma ni cha nne. Pwani hushika kutu upesi, na rangi yake hubanduka kwa magamba ambayo mtoto huyaokota.

Cha mwisho, pamoja na uzuri wake dukani, ni kitanda cha MDF au cha chipubodi. Huo ni unga au vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi ambayo mara nyingi hutoa gesi ya formaldehaidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza mwaka 2004 kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Joto na unyevu huongeza utokaji wa gesi hiyo, kwa hiyo ubao uleule utatoa gesi nyingi zaidi Tanga au Mombasa kuliko Njombe. Ikiwa umekwisha kukinunua, tafuta alama ya E1, inayoonyesha kwamba ubao hutoa formaldehaidi kidogo, ziba kila ukingo ulioachwa wazi, na ukiweke mahali penye upepo kwa wiki kadhaa.

Kwa godoro, chagua sponji ngumu inayoenea kitanda chote bila pengo; ondoa nailoni yake na ulianike kivulini. Godoro la sufi, ingawa wengi tumelelewa juu yake, hudidimia mno kwa mtoto mchanga. Ukutani, pendelea rangi ya maji kuliko ya mafuta. Rangi za mafuta zilizokolea, hasa manjano na nyekundu, ndizo zinazoongoza kwa risasi, hivyo usinunue kopo ambalo muuzaji hawezi kukuonyesha kwamba halizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni.

Wapo wanaokiacha chandarua chenye dawa kwa hofu ya sumu. Wanakosea, kwani malaria ni hatari kubwa zaidi. Kipya kianikwe kivulini siku nzima kisha kitumike.

Ninachoomba kwa dhati kiondolewe chumbani ni zile gololi nyeupe za naftalini ziwekwazo kwenye nguo. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda seli nyekundu za damu, hali iliyo ya kawaida katika maeneo yetu ya malaria, akivuta harufu yake huweza kuvunjikavunjika seli za damu na kupata manjano kali. Nguo alizorithi kwa dada au kaka yake zifuliwe na kuanikwa juani hadi harufu iishe, na zikiendelea kunuka asivishwe.