Mazabodi ya prosesa mbili kwa seva ya nyumbani Mwanza: ipi uitangulize, ipi uiache dukani

Kabla ya kuuliza mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ipi, jiulize kama prosesa mbili unazihitaji kweli. Kama ni mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja) nne au tano za Linux na RAM ya GB 64 inakutosha, nunua ya prosesa moja. Mbili zina maana ukitaka GB 128 kwenda juu, kadi kadhaa za PCIe (kama za mtandao au picha), na mashine pepe kumi na zaidi zisizogombania kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa).

Halafu piga hesabu ya Luku. Chukulia seva yenye Xeon E5 v4 (prosesa za seva za Intel, toleo la nne) mbili na diski chache inavuta wati 120 ikiwa imetulia. Zidisha kwa saa 24, kisha kwa siku 30: uniti 86.4 kwa mwezi. Bei nafuu ya daraja la D1 ni kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo seva peke yake, kabla ya friji na taa, inakutoa kwenye daraja hilo. Ndiyo maana hapa hatukupanga kwa wingi wa kori. Tumepanga kwa umeme, na kwa urahisi wa kuiinua mashine ikizimika.

Ya kwanza: Supermicro X10DRL-i

Hii inapokea Xeon E5-2600 v3 na v4, na ina nafasi 8 za RAM ya DDR4. Kila prosesa ina chaneli (njia za kufikia RAM) nne, hivyo vijiti 8 vinajaza chaneli zote bila kubaki pengo: 8 vya GB 16 ni GB 128, 8 vya GB 32 ni GB 256. Ukubwa wake ni mm 305 kwa 254, kwa hiyo huingia kwenye makasha mengi ya ATX yenye nafasi kidogo upande wa mbele.

Kilichoipandisha juu hasa ni IPMI, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya mazabodi inayokuwezesha kuwasha, kuzima na kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) ukiwa mbali. Umeme ukikatika Buswelu kisha ukarudi, nawe uko kazini mjini, huna haja ya kupanda daladala kwenda kubonyeza kitufe. Ila badilisha nywila siku ya kwanza: mazabodi nyingi za kizazi hiki zilitoka kiwandani na jina ADMIN na nywila ADMIN. Usiiache IPMI wazi kwenye intaneti. Ipitie kwa VPN (njia ya faragha ya kuingia mtandao wako) kama WireGuard.

Prosesa za kuoanisha nayo ni E5-2680 v4 (kori 14, wati 120) au E5-2650L v4 (kori 14, wati 65). Wati hizo ni za mzigo mzito. Zikitulia, tofauti ya bili kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Faida ya ile ya L ni joto na kelele kupungua. Lazima mbili zifanane kabisa, na familia ya E5-1600 haifanyi kazi kwa jozi. Mwombe muuzaji picha ya toleo la BIOS pia: v4 inahitaji 2.0 au zaidi, la sivyo utawasha na skrini ibaki nyeusi.

Ya pili: Supermicro X10DRi

Ni damu moja na ya kwanza, ila hii ina nafasi 16 za RAM. Ichague kama unavyo tayari vijiti vingi vya GB 16. Ukubwa wake ni mm 305 kwa 330, kwa hiyo pima kasha kwanza, na ung'oe kila nguzo ya shaba isiyolingana na tundu la mazabodi. Nguzo moja iliyosahaulika ikigusa mgongo wa mazabodi huleta shoti.

Ya tatu: Supermicro X11DPi-N

Soketi yake ni LGA 3647, kwa Xeon Scalable za kizazi cha kwanza na cha pili, zenye chaneli sita za RAM kila moja. Ni nzuri kweli, lakini vipozeo vyake ni vya peke yake na bei ya jumla hupanda haraka. Ndugu yake X11DPL-i ina nafasi 8 tu ilhali chaneli ni 12. Unalipia upana wa barabara usioutumia.

Ya nne: mazabodi za Kichina za X99, kama Huananzhi X99-F8D

Bei yake inavutia, na kwa kujifunzia inafaa. Haina IPMI. Kwa seva inayokaa chumba cha nyuma bila skrini, hilo ni pengo kubwa.

Ya mwisho: Supermicro X9DRi-F

Chukua ukipewa bure. RAM ni DDR3, na Xeon E5 v2 hazina AVX2 (seti ya amri za prosesa), hivyo RHEL 10 (Linux ya Red Hat) haitapanda ndani yake hata kama mashine pepe.

Usinunue kabisa mazabodi iliyong'olewa kwenye seva ya Dell PowerEdge au HP ProLiant. Umbo lake na plagi zake za umeme ni za kasha lake tu. Seva nzima iliyotumika, mfano PowerEdge T630, ni jambo jingine na inafaa.

Vinavyoharibika, na sababu yake

Pawa saplai iwe na plagi mbili za pini 8 za CPU, moja kwa kila prosesa. Adapta za Molex (plagi za zamani za diski) zinaweza kuyeyuka. Vijiti vya RAM viwe vya ECC RDIMM (RAM ya seva inayorekebisha makosa). Usivichanganye na LRDIMM, aina nyingine ya RAM ya seva. Vigawe sawa kwa prosesa zote mbili, kwani mashine pepe inayovuka kwenda kuchota RAM ya upande wa pili hupungua kasi.

Kabla ya kununua vipozeo tazama fremu ya soketi ya LGA 2011 (ya Xeon E5): ya mraba ina matundu mm 80 kwa 80, nyembamba ni mm 56 kwa 94. Noctua NH-U9DX i4 inafunga zote mbili. Feni za polepole zikianza kupanda na kushuka mlio kila baada ya sekunde chache, siyo mbovu. IPMI inadhani zimesimama. Shusha kikomo kwa kila feni kwa amri hii: ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300.

UPS iwe ya wimbi safi la sine, maana baadhi ya pawa saplai za kisasa hujizima zikipokea wimbi la ngazi. Unganisha NUT (programu inayosoma hali ya UPS) ili seva ijizime kwa utaratibu, na kwenye BIOS weka iwake yenyewe umeme ukirudi. Radi za Ziwa Victoria ni kali: waya wa mtandao unaotoka kwenye antena ya paa upite kwenye kinga ya radi kabla ya kufika kwenye swichi. Kwa walio Kirumba, Capripoint au Igombe, wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku na kujaa kwenye mapezi ya kipozeo. Weka chujio mbele ya feni, zima taa ya chumba, safisha kila mwezi.

Mzigo ukifika kwa basi kutoka Dar, ufungue pale pale stendi ya Nyegezi ikiwezekana. Pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, siyo kwenye prosesa. Ondoa kifuniko, mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni: safu zote zing'ae kwa mstari mmoja. Penye pini iliyolala utaona doa jeusi, na mara nyingi dalili yake baadaye ni kijiti kimoja cha RAM kutoonekana. Piga picha soketi zote mbili kabla ya kuweka prosesa, kisha endesha Memtest86+ (programu ya kupima RAM) usiku kucha wakati muda wa kurudisha mzigo haujaisha.