Mirunda yenye panda na mipira ya tyubu: uzoefu wangu na mparachichi uliozidiwa na mzigo

Kama una mparachichi wa aina ya Hass nyumbani na mwaka huu umeshika sana, tafuta mirunda ya mkaratusi yenye panda, yaani ncha iliyogawanyika mara mbili, ya kuegemeza matawi, pamoja na mipira ya tyubu ya kuzungushia panda hizo, kabla matawi hayajaanza kulala. Nimevitumia msimu mzima hapa Machame. Nilijaribu pia propu za chuma za kukodi na mianzi, na kwa bustani ya nyumbani sijaona cha kuvishinda.

Mti wangu uko nyuma ya jiko, katikati ya migomba. Mwaka jana ulizaa kidogo, mwaka huu ukalipiza. Hass wengi wana tabia hiyo, msimu mmoja wanapumzika na msimu unaofuata wanabeba kupita kiasi. Maua ya mparachichi hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo matunda nayo yanakaa huko huko nchani, mbali na shina. Tunda moja la Hass huwa na gramu 200 hadi 300 hivi. Tawi lenye matunda 100 linabeba kilo 20 mpaka 30, na uzito wote unavutia chini kutokea mwisho wa tawi. Hapo bado hujaweka majani yaliyolowa mvua ya masika, na upepo. Mbao ya mparachichi nayo si ngumu. Inaanza kwa kuinama, halafu inaachia ghafla pale tawi linapoungana na shina, na ikichanika inaondoka na ganda la shina.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani. Parachichi haliivi likiwa mtini. Linakomaa, kisha linakaa pale pale, hata miezi, mpaka lichumwe ndipo lilainike. Maana yake tawi halipati nafuu kwa matunda kujidondokea yenyewe. Linabeba tu.

Huku Uchagani mgomba ukitoa mkungu mkubwa hakuna anayesubiri kuambiwa, anauwekea mwega. Mkungu ukianguka ni hasara na kila mtu anaiona. Lakini mparachichi unaachwa upambane na hali yake, eti kwa kuwa ni mti na una shina. Mimi nasema tawi la Hass lililoshika linastahili mwega kama mgomba, au zaidi, maana mgomba una machipukizi ya kuurithi. Tawi la miaka saba likichanika, unasubiri miaka mingine mpaka lipatikane la kuziba nafasi ile.

Mirunda nilinunua kwa wanaouza miti ya ujenzi. Habari njema ni kwamba ile unayoihitaji wewe ndiyo wajenzi wanayoikataa. Kijana aliyekuwa anauza alinitolea iliyowekwa pembeni, akaniambia, "Mama, hii ina panda, mafundi hawaitaki, nitakupunguzia." Nikachagua yenye unene wa kifundo cha mkono na zaidi kidogo, panda zake zikiwa pana na za mviringo. Panda nyembamba ya kuchongoka inalibana tawi pande zote mbili na kulichubua. Fedha niliyolipa kwa mirunda yote haikufikia ambayo ningelipa kwa propu moja mpya ya chuma.

Kwenye kila panda nilizungushia mpira wa tyubu, ile mikanda mirefu inayokatwa kwenye tyubu za magari, ambayo watu wa bodaboda huitumia kufungia mizigo. Zungusha tabaka mbili tatu mpaka panda iwe laini ukiibonyeza kwa kidole. Tawi halitulii, upepo ukivuma linacheza juu ya panda siku nzima, na mti mkavu ungekuwa umekula ganda lote.

Sasa mahali pa kuweka, na hapa ndipo pana kazi. Ukiuweka mwega karibu na shina haukusaidii, maana mzigo uko mbele. Ukiuweka nchani kabisa, sehemu ya katikati inabaki inaning'inia na ncha yenyewe ni nyembamba. Pima kutoka shinani, uweke kati ya nusu na theluthi mbili ya urefu wa tawi. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja ananyanyua tawi kwa mikono taratibu, mwingine anaingiza mrunda. Mimi nilikuwa naweka kiganja juu ya kiungo cha tawi na shina wakati msaidizi wangu ananyanyua, nikihisi ganda linaanza kukunjamana chini ya vidole, namwambia, "Basi, hapo hapo." Usijaribu kulirudisha tawi mahali lilipokuwa kabla ya kubeba. Lishike tu lisishuke zaidi.

Chini usichimbe shimo. Mizizi inayolisha mparachichi iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 60 za kwanza za udongo, na ukiikatakata unafungua mlango kwa ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao ndio adui mkubwa wa parachichi. Mimi naegemeza mrunda kwenye jiwe bapa, ukiinamia kidogo kuelekea shina. Jiwe linauzuia kuzama mvua ikinyesha, na mchwa pia wanachelewa kuufikia. Wanachelewa tu, hawakomi, kwa hiyo kagua.

Propu za chuma, zile za kushikilia zege la slabu, zina nguvu kuliko tawi lolote, na ile skrubu yake ya kupandisha na kushusha ni raha kweli. Tatizo ni kwamba zinakodishwa kwa siku, wakati tawi linahitaji msaada kwa miezi. Kichwa chake pia ni bati bapa, na tawi linateleza juu yake mpaka ulifunge. Kwa dharura ya wiki moja, tawi likiwa limeanza kulia na mirunda bado hujapata, kodi. Kwa msimu mzima sishauri.

Mianzi ni mepesi na ni mirefu. Ukifunga miwili ikipishana mithili ya mkasi, kama wafanyavyo kwenye migomba, inashika vizuri matawi madogo. Kwenye matawi makubwa ilipasuka vichwani.

Waya wa kufungia nondo usiuguse. Kwa jirani yangu fundi wa bustani aliunganisha matawi mawili kwa kuyazungushia waya huo. Baadaye sehemu ya tawi iliyo mbele ya waya ikavimba, waya ukazama ndani ya ganda, na majani ya mbele yakaanza kuwa njano. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia ganda, na ukilifunga kwa waya unalinyonga tawi. Ukitaka kuunganisha matawi, tumia mpira wa tyubu kwa mtindo wa namba nane, ulegee, upitishe vidole viwili. Dosari ya mpira ni jua: unalegea na kupasuka, kwa hiyo uukaze au uubadilishe msimu ukiendelea.

Kilichonisaidia sambamba na miega ni kuvuna kwa awamu. Kwa kuwa Hass hasubiri kuiva mtini, nilichuma kwanza makubwa yaliyokomaa kwenye matawi yaliyoelemewa, nikiyakata kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi. Kila kapu lililoshuka lilikuwa nafuu, na madogo yaliyobaki yakapata nafasi ya kunenepa.

Mirunda naipa nyota tano, mipira nne kwa sababu ya jua, propu tatu, mianzi tatu. Baada ya mavuno nimeitoa yote na kuilaza juu ya dari ya banda la ng'ombe, pakavu, itumike tena. Ila haya ni kwa miti ya kubebesha (iliyounganishwa miche), ile mifupi. Mparachichi wa kienyeji unaopita paa la nyumba hauna mrunda wa kuufikia. Huo unahitaji fundi anayejua kupanda, kamba na msumeno, apunguze urefu wa matawi mavuno yakishaisha.