Chelezo cha maua cha kidimbwini, baada ya miezi minne

Ni bamba jepesi la plastiki lenye matundu kumi na mawili. Kila tundu lina kikapu cha mche, na mizizi hushuka majini. Nilikinunua baada ya kidimbwi changu kugeuka kijani kwa mwani, na chanzo nilikijua: fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani, inayotoka kwenye chakula cha samaki. Mizizi ya mimea huinyonya.

Nilipanda petunia. Wiki ya tatu nilipoinua chelezo, mizizi ilikuwa imepenya vikapu, myeupe, mirefu kuliko kiganja changu, imeshika utelezi wa kijani. Nilifurahi sana.

Nilikuwa pia napima maji. Ukiyatia matone ya dawa, yenye fosfeti hugeuka bluu, na inavyozidi ndivyo bluu inavyokolea. Mwezi wa pili rangi ilipauka. Mwezi wa tatu ikakolea upya! Kumbe majani yaliyonyauka yalikuwa yakidondoka majini na kuoza, na fosfeti yote ikirudi ilikotoka. Naitrojeni, kirutubisho kingine cha majini, huweza kugeuka gesi ikapotelea hewani, lakini fosfeti haina njia hiyo. Lazima ukate mmea uutoe. Karatasi ya maelekezo haina hata mstari mmoja kuhusu kukata. Hilo limeniudhi kweli, maana ndiyo kazi yenyewe. Sasa nakata kila wiki mbili, majani nayapeleka kwenye mboji mbali na maji, na samaki nawaona mpaka chini.

Ninachotamani ni mche wenye uroho zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Suntory ya Japani walieleza jinsi walivyochukua jeni ya PHR1 kutoka mmea mdogo wa Arabidopsis, jeni inayoongoza mmea unapokosa fosfeti, wakaifanyisha kazi kwa nguvu ndani ya petunia, verbena na torenia. Majani yakalimbikiza fosfeti kwa wingi, na torenia ikanyonya kiasi cha kulingana na gugumaji. Ua la bustani, jamani! Gugumaji lenyewe siliingizi kwangu, likishazoea maji hulitoi. Torenia ya namna hiyo sijapata kuiona ikiuzwa, lakini ningeipanda kwenye matundu yote kumi na mawili.

Chelezo nakipa nyota tatu. Bamba halijapinda kwa jua. Vikapu viwili vya pembeni vimelegea, nimevifunga kwa uzi wa kuvulia.