Phyphox juu ya daraja la zege: nyota 4, ila ufa haitakuonyesha

Nina miezi kama minne naitumia hii phyphox, programu ya bure inayosoma sensa za simu, mfano ya mtetemo, na kukuchorea grafu, imetengenezwa chuo cha RWTH Aachen Ujerumani, mimi nimeipeleka kwenye kadaraja ka zege ka mita 12 hivi huku kwetu, fuso za mchanga zinapita kutwa na boriti moja chini imeshaanza kutoa nondo nje.

Iko hivi, lori likishapita daraja linabaki linatetemeka kidogo kwa mdundo wake lenyewe, zege likipasuka linalegea na mdundo unashuka. Shida mdundo unafuata kipeuo cha pili cha ukakamavu, yaani daraja likipoteza asilimia 10 nzima ya ukakamavu we unaona frikwensi (mitetemo mingapi kwa sekunde, ndo hiyo Hz) imeshuka asilimia 5 tu.

Nikatoa kava, nikaibandika simu katikati ya daraja kwa selotepu ya pande mbili. Zima laini kwanza jamani! Mi sikuzima, shemeji akapiga, vaibresheni ikajaza grafu nikadhani daraja ndo linaenda hivyo. Halafu usisome lori likiwa bado juu, uzito wake unashusha namba na springi zake zina mdundo wake, Hz 2 mpaka 4 hivi, subiri litoke.

Nikapata Hz 9.2. Wiki mbili baadaye, jua la saa nane mchana, 9.0, moyo ukapiga paa. Kuja kukaa na kalkuleta, simu yangu inasoma mara 200 kwa sekunde, nilichukua sampuli 1024, hizo ni sekunde 5 na kidogo, na hatua ya grafu ni 1 gawanya kwa hizo sekunde, maana yake inaruka kwa Hz 0.2 hivi. Kwa hiyo lile "anguko" lote lilikuwa hatua moja ya grafu, basi!

Na hata namba ikiwa ya kweli bado kuna hali ya hewa. Kule Uswisi daraja la Z24 walilipima karibu mwaka mzima kabla halijabomolewa 1998, mwishoni wakaliharibu makusudi kidogo kidogo waone namba zinavyobadilika, ila baridi ya kugandisha peke yake ilishapandisha frikwensi kwa kuwa lami ilikakamaa. Huku hatuna barafu lakini jua tunalo, so siku hizi napima saa 12 asubuhi tu na joto naandika kwenye daftari.

Nilichopenda zaidi, unaiendesha kwa laptop kupitia wi-fi umekaa zako kivulini, data unaitoa kwenye Excel. Nyota moja nimekata japo kosa ni la sensa ya simu, bajaji ikipita sioni kitu, kelele tupu, mpaka fuso.

Ule ufa wa kwenye boriti niliuona kwa tochi, nimechuchumaa kwenye matope chini ya daraja.